Mraba wa Kuanzia: Kisa cha Kufundisha Urefu kwa Mwili na kwa Amri za Roboti

## Usuli

Kisa hiki kinahusu darasa moja la watoto wa miaka sita hadi minane, mwalimu wao wa hisabati na mwalimu msaidizi. Majina, shule na kila kinachoweza kuwatambulisha vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa mafunzo ya kisa yamebadilishwa. Nilifuatilia vipindi hivyo nikiwa mshauri wa ufundishaji: nilikaa nyuma ya darasa na daftari, kisha nikazungumza na walimu wote wawili.

Mada ilikuwa urefu. Watoto walikuwa wamekwisha kufundishwa rula, na kwenye madaftari kila kitu kilionekana sawa. Penseli imechorwa juu ya rula, ncha moja kwenye 0 na nyingine kwenye 7, wakaandika 7. Mwalimu hakuridhika. Akachora penseli nyingine inayoanzia kwenye 2 na kuishia kwenye 7, akauliza urefu wake.

Wengi waliandika 7. Kundi dogo liliandika 6. Waliopata 5 walikuwa wachache, na baadhi yao hawakuweza kueleza wameipataje.

Majibu hayo mawili yasiyo sahihi hayatoki kwenye shina moja. Aliyeandika 7 amesoma namba iliyo chini ya ncha ya penseli. Kwake rula ni kitu cha kusomwa tu. Aliyeandika 6 amekwenda mbali zaidi, kwani amehesabu. Ila alichohesabu ni vistari: 2, 3, 4, 5, 6, 7, ambavyo kweli ni sita. Nafasi zilizo kati ya vistari hivyo, ambazo ndizo urefu wenyewe, ni tano. Wa kwanza hajui kwamba kuna kitu cha kuhesabiwa. Wa pili anajua, lakini amehesabu kisichostahili. Kama wote wangerudishiwa mazoezi yaleyale ya rula, wangejifunza kuipanga ncha kwenye sifuri, wangepata vyema nyingi, na urefu ungebaki fumbo.

Mwalimu akaamua kuzifungia rula kabatini na kuanza upya, kwanza kwa mwili, halafu kwa amri. Shule ilikuwa na roboti moja ya sakafuni aina ya Bee-Bot. Kila ukibonyeza mshale wa mbele inasogea sentimita 15. Mshale wa pembeni unaigeuza robo ya mzunguko palepale ilipo. Zilikuwepo pia tableti chache. Vingine vilikuwa chaki, kamba, kadibodi na uwanja.

## Yaliyotokea

### Kuruka

Kazi ya kwanza ilikuwa kuruka kwa miguu miwili bila kukimbia, kisha kupima mruko kwa nyayo, kisigino kikigusa kidole. Kila mtoto alipima wa kwake. Matokeo yakaandikwa ubaoni, na papo hapo ukazuka ubishi: mtoto aliyeonekana na kila mtu kuwa ameruka mbali alipata nyayo saba, na mwenzake mdogo wa umbo, aliyeruka pafupi, akapata nane. Darasa likamtangaza mwenye nane kuwa mshindi. Mwenye saba akalalamika, ila hakuwa na hoja zaidi ya kusema kwamba wote waliona.

Mwalimu hakuamua ugomvi. Alitoa kamba. Kila mmoja wa wale wawili alikata kamba yenye urefu wa mruko wake, kamba zikalazwa sambamba sakafuni, na ya nyayo saba ikawa ndefu. Pakawa kimya kidogo, kisha mtoto mmoja aliyekuwa hajazungumza tangu asubuhi akasema, "Miguu yake ni midogo, ndiyo maana imeingia mingi."

Hapo ndipo mada yote ilipo. Kipimo kikiwa kidogo, idadi huwa kubwa. Watu wazima hulijua jambo hili bila kufikiri. Mtoto wa umri huu huliona kama ukorofi wa namba.

Lakini mashindano nayo yaliharibu kazi. Watoto walipokuwa wakifukuzia namba kubwa, nyayo zilianza kupandana. Waliotaka kumaliza haraka waliacha mapengo. Na mtoto mmoja hakuweza kuruka kwa sababu ya mguu. Mpango ulikuwa umempa kazi ya kuandika matokeo ya wenzake. Mwalimu msaidizi alilipinga hilo wakati wa mapumziko: mtoto huyo ndiye aliyehitaji kupima kama wengine, na badala yake amefanywa karani. Kipindi kilichofuata kuruka kukaondolewa. Kila mtoto alisukuma kizibo cha chupa kiteleze sakafuni kutoka kwenye mstari wa chaki, akapima umbali kiliposimama.

### Roboti mtu

Katika hatua ya pili watoto walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alikuwa mpangaji, aliyepanga kadi za amri mezani: mbele, geuka kulia, geuka kushoto, simama. Mwingine alikuwa roboti, na kazi yake ilikuwa kutekeleza kadi kwa mpangilio wake bila kuongeza wala kupunguza chochote.

Mpangaji mmoja alipima kwanza njia kwa kuitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kwenye kapu: hatua sita. Akapanga kadi sita za mbele. Roboti wake, aliyekuwa mrefu kuliko yeye, alilipita kapu na kugonga rafu. Mpangaji akakasirika: "Umekosea! Nimesema sita!" Roboti akajibu, na alikuwa na haki yake, kwamba amekwenda sita.

Mwalimu akaweka sharti lililobaki hadi mwisho wa mada: roboti hakosei, kinachorekebishwa ni amri. Mpangaji akabaki na njia mbili, kubadilisha namba au kusema hatua ina ukubwa gani. Wengi walibadilisha namba, wakapata tano, wakaridhika, hadi walipobadilishana nafasi na tano ikawa fupi. Jozi moja ilichagua njia ya pili. Walikata ukanda wa kadibodi wakaamuru kwamba kila "mbele" ni ukanda mmoja, roboti aulaze chini na kuusogelea. Mwalimu aliwaita wenzao waone.

Siku iliyofuata kila jozi ilipewa ukanda mmoja. Kanda zote zilikuwa na urefu wa sentimita 30.

### Gridi na mraba wa kuanzia

Baada ya hapo mwalimu alichora gridi ya chaki, kila mraba ukiwa na upande wa ukanda mmoja. Roboti anasimama kwenye mraba wa kwanza. Mfikishe kwenye mraba wenye nyota. Kazi ilionekana nyepesi, na hapo ndipo kosa la rula lilipojitokeza upya likiwa na sura nyingine. Jozi baada ya jozi, mpangaji aligusa mraba aliosimama roboti akasema "moja", akaendelea hadi nyota, akapata sita, akapanga kadi sita. Roboti akaipita nyota kwa mraba mmoja.

Mwalimu alikuja nyuma ya darasa akanong'ona, "Hawa ndio wale wa sita." Alifungua daftari lake la kumbukumbu, na ni kweli: watoto kadhaa waliohesabu vistari vya rula walikuwa wakiuhesabu mraba wa kuanzia. Mbaya zaidi, hata waliosoma 7 mwanzoni sasa walikuwa wameingia kwenye kosa hilihili. Nasema mbaya zaidi, ingawa kwa kweli walikuwa wamepiga hatua: angalau sasa walikuwa wanahesabu.

Kesho yake gridi ilifutwa, ukachorwa mstari mmoja mrefu wenye vistari vya kukata kila baada ya ukanda mmoja. Roboti aliweka vidole vya miguu kwenye kistari. Sharti jipya likawa kwamba namba inatajwa baada ya kutua, haitajwi kabla ya kuondoka. Aliyesimama tu bila kusogea anasema "sifuri". Darasa lote liliimba namba pamoja kila roboti alipotua, na ukimya kabla ya hatua ya kwanza ukawa sehemu ya mchezo.

### Ukanda mmoja tu

Kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa na roboti wala gridi. Kila jozi ilitakiwa kupima urefu wa ubao kwa ukanda mmoja tu, tena si kwa kupima wenyewe bali kwa kuandika amri ambazo jozi nyingine itazifuata neno kwa neno. Walipewa kadi mpya: rudia.

Jozi ya kwanza iliandika: weka ukanda, sogeza ukanda, rudia mara 8. Waliotekeleza waliuweka ukanda, wakausogeza upana wa kidole, wakausogeza tena hivyo hivyo, hadi mara nane, wakasimama karibu na pale walipoanzia wakicheka. Amri zikarudi kwa wenyewe. Toleo la pili lilisema ukanda usogezwe mwanzo wake ufike ulipokuwa mwisho wake. Sawa, lakini ukanda ukiinuliwa, mwisho wake ulikuwa wapi? Mtekelezaji alikisia. Toleo lililofanya kazi lilikuwa hivi: weka mwanzo wa ukanda kwenye ukingo wa ubao; tia alama kwenye mwisho wa ukanda; inua; weka mwanzo kwenye alama; rudia hadi ubao uishe; hesabu alama.

Hata hilo la mwisho lilikuwa na utata, kwa sababu ubao haukuisha sawasawa na ukanda. Kilibaki kipande. Wengine walikitupa, wengine wakakihesabu kama ukanda mzima. Mmoja aliukunja ukanda wake katikati na kutangaza "nusu", na wenzake wakamwiga.

### Roboti ya sakafuni, kisha skrini

Roboti yenyewe iliingia mwishoni. Watoto walijua kwamba kuna jambo litakalobadilika, kwa sababu mwalimu aliulaza ukanda sakafuni na kuwauliza roboti itahitaji amri ngapi kuumaliza. Jibu ni mbili, sentimita 15 kila moja. Kutoka hapo walitabiri: njia ya kanda 3 itahitaji amri 6. Ule ubishi wa nyayo ukarudi, na sasa walikuwa na maneno ya kuueleza.

Kulikuwa na mkwamo mmoja uliopoteza sehemu kubwa ya kipindi. Roboti ya aina hii hutunza amri za awali hadi ubonyeze kitufe cha kufuta. Amri mpya huongezwa nyuma ya zile za zamani. Kundi moja lilisahau kufuta. Wakaingiza 6, roboti ikapitiliza, wakapunguza hadi 5, ikapitiliza zaidi, wakaingiza 4. Walipima sahihi tangu mwanzo, ila sasa walikuwa wamepoteza imani na kipimo chao. Mwalimu msaidizi ndiye aliyegundua, baada ya kuhesabu milio ya roboti.

Vipindi vya tableti vilitumia ScratchJr, programu ambayo mtoto huunganisha vipande vya amri ili kumwendesha paka kwenye skrini, na ambayo jukwaa lake lina gridi ya miraba 20 kwa upana na 15 kwa kimo, yenye namba zinazoanzia 1. Watoto walifurahi, ila kupima kulipotea. Mmoja aliulaza ukanda wake juu ya skrini ya tableti yake, kisha ya mwenzake iliyokuwa kubwa zaidi, akauliza mbona hatua moja ya paka si sawa kwenye zote mbili. Swali zuri, nalo halikupata muda wake.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutosahihisha ubishi wa nyayo ulikuwa wa makusudi. Mwalimu aliniambia kwamba angesema "nyayo si sawa", wangemkubalia kwa sababu yeye ni mwalimu, kisha wakalisahau. Kamba hazina cheo.

Urefu wa ukanda ulijadiliwa sana kuliko nilivyotarajia. Msaidizi alitaka sentimita 15 ili ukanda ulingane na roboti moja kwa moja, watoto wasichanganyikiwe. Mwalimu alitaka 30 kwa sababu mbili: mtoto anaweza kuupiga kama hatua ya kawaida, na roboti itakapokuja, kutolingana kwenyewe kutakuwa somo. Nilimuunga mkono msaidizi wakati huo. Walichofanya watoto na utabiri wa kanda 3 na amri 6 kinaonyesha mwalimu alikuwa na jicho kali zaidi.

Kuchelewesha roboti kulitokana na uhaba: roboti moja, watoto thelathini hivi. Mwalimu hakutaka watoto wapange foleni kwa ajili ya dakika moja ya kubonyeza vitufe. Ila uamuzi huo wa shida ulikuwa na faida yake. Kufikia roboti ya plastiki, walikuwa wamekwisha kuwa roboti wenyewe, na walijua kwamba mashine haitawahurumia.

Kubadilisha gridi kuwa mstari kulifanyika usiku mmoja, bila mpango. Kwenye gridi roboti anakaa ndani ya mraba, kwa hiyo mraba wa kuanzia ni kitu kinachoonekana, na mtoto ana sababu njema ya kukihesabu. Kwenye mstari anasimama kwenye alama, na alama haina upana wa kuhesabiwa. Rula nayo ni mstari wa alama. Mwalimu aliona kwamba gridi, ingawa ndiyo inayozoeleka katika mazoezi ya roboti kwa watoto, ilikuwa inawafunza tabia ambayo rula ingewaadhibu kwayo.

## Matokeo

Rula zilitolewa kabatini, na swali la penseli kutoka 2 hadi 7 likarudi bila onyo. Walio wengi waliandika 5. Wengi wao waliruka kwa kidole kutoka kistari hadi kistari wakitaja namba walipotua, kama walivyofanya uwanjani. Jibu la 7 lilibaki kwa watoto wachache sana. La 6 lilipungua, ila halikwisha.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu aliwapa rula ya karatasi iliyokatwa, ikianzia kwenye 4. Waliotumia kidole waliimudu. Waliofanya haraka, wakiwemo baadhi ya watoto hodari wa hesabu, walirudia kusoma namba ya mwisho. Hao hodari ndio walionishangaza: kasi yao ya kawaida iliwarudisha kwenye kosa ambalo watoto wa polepole walikuwa wameliacha.

Mtoto ambaye mwanzoni angekuwa karani aliandika amri za ukanda mmoja zilizofanya kazi mara ya kwanza zilipojaribiwa.

## Uchambuzi

Wazo la mtoto kutumia mwili wake kuielewa mashine lina umri. Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iliundwa mwaka 1967 na Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, na kobe wake wa roboti alikwenda kwa amri za mbele na kugeuka. Papert alisisitiza kwamba mtoto aliyekwama ajifanye kobe na kuitembea njia mwenyewe. Hapo mwili unasaidia kuelewa programu. Katika kisa hiki mambo yalikwenda kinyume chake: programu ndiyo iliyosaidia kuelewa kitu ambacho mwili ulikuwa ukikifanya bila kukiona. Mtoto anayepima ubao kwa ukanda huziba mapengo kwa macho, hurekebisha kwa mkono, na kosa halionekani. Akilazimika kumwandikia mtu mwingine asiyeruhusiwa kukisia, kila alichokuwa akikifanya kimyakimya kinapaswa kuandikwa: mwanzo ni wapi, kipimo kinarudiwaje, kinaguswa wapi, kinakoma lini. Hayo manne ndiyo kupima kwenyewe.

Kadi ya rudia ilistahili nafasi kubwa kuliko iliyopewa. Kupima urefu ni kukirudia kipimo kimoja bila pengo wala kupandana, na hakuna njia niliyoiona inayoliweka hilo mikononi mwa mtoto wa miaka saba waziwazi kuliko kumpa ukanda mmoja na kadi hiyo. Ukimpa kanda nyingi za kupanga mstari, anaweza kupata jibu bila kuwaza kurudia.

Sharti la "roboti hakosei" lilifanya kazi ya kimalezi pia, ingawa lilikuwa na gharama. Lilimwondolea roboti lawama na kuielekeza kwenye kadi, mahali inapoweza kurekebishwa. Kwa upande mwingine, ndilo lililolifunga kundi la roboti ya sakafuni: walikuwa wamefunzwa kwamba kosa liko kwenye amri zao, hivyo hawakuwaza kwamba mashine inabeba amri za zamani. Kufuta kumbukumbu kulipaswa kuwa kadi ya kwanza ya kila programu, ikipangwa mezani kama nyingine.

Mashindano ya kuruka hayakusaidia kupima. Yaliamsha ubishi wa nyayo, na huo ulikuwa na thamani, lakini mtoto anayetaka kushinda ana sababu ya kupima vibaya. Kizibo kilipima vizuri kuliko mruko kwa sababu nyingine pia: kinasimama mahali pamoja. Anayeruka hutua kwa visigino, huyumba, huweka mkono chini, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu alipoishia. Badiliko lililofanywa kwa ajili ya mtoto mmoja lilikuwa badiliko bora kwa wote, na lingepaswa kuwa mpango wa kwanza.

Kugeuka kulishindwa kabisa. Watoto waliposoma "geuka kulia" walijigeuza huku wakipiga hatua, kwa sababu ndivyo mwili wa mtu unavyogeuka, na kila kona iliongeza umbali ambao haukuwemo kwenye amri. Muda uliokwenda kusuluhisha kona haukuhusu urefu hata kidogo. Mwalimu anapanga kulirudia somo hili kwa njia zilizonyooka tu, kadi za kugeuka zikisubiri mada ya pembe, na kipindi kimoja cha tableti kikitengwa kwa ajili ya lile swali la paka na skrini mbili.